Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kuiandaa Meza ya Bwana

Saa 11 alfajiri. Taa imewaka na Biblia iko wazi katika Yohana sura ya 13, pale Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, ukurasa ambao nimeufungua mara nyingi hata umeanza kulegea kwenye mshono. Kesho kanisa ninalolichunga linashiriki Meza ya Bwana na, kama ilivyo desturi katika makanisa mengi ya Mennonite, dhehebu letu la Kikristo, baada ya mkate na kikombe tutatawadhana miguu, yaani kuoshana. Mahubiri yako tayari tangu Alhamisi. Kilichoniamsha ni ndugu wawili wa tumbo moja, wote washiriki wa kanisa hili, ambao wamekaa miezi 5 bila kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ninawaombea kwa majina, kisha ninakaa kimya kwa muda, kwa maana maneno mengine nimekwisha kuyasema yote.

Saa 12 hadi saa 2 niko shambani kwangu. Wachungaji wengi wa vijijini huishi kwa jembe lao kwa sehemu kubwa, nami silioni hilo kuwa upungufu wa huduma. Mtu aliyewahi kuhesabu mistari ya mazao yake huku akiwaza ada ya shule hawezi kuudharau ugomvi wa ardhi ya upana wa hatua 3.

Saa 3 ninafika na mama shemasi kwa bibi mmoja ambaye hajainuka kitandani tangu mwezi uliopita. Nilidhamiria kumsomea Neno, kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na kuondoka. Bibi alikuwa na neno lake. Alituambia kwamba tangu abatizwe hajawahi kukosa kutawadhwa miguu, na kwamba hana hakika kama atakuwepo kwenye Meza ijayo. Kwetu wanawake hutawadhana wao kwa wao, kwa hiyo mama shemasi ndiye aliyepiga magoti. Maji yalikuwa vuguvugu. Aliishika ile miguu kwa kisigino, mmoja baada ya mwingine, akapitisha kiganja polepole juu ya nyufa za nyayo, akaikausha hata katikati ya vidole. Nilidhani tumemaliza. Bibi akaomba ainuliwe kwa mito, akaagiza beseni liwekwe kando ya kitanda, akamtawadha mama shemasi kwa mikono inayotetemeka, huku maji mengi yakimwagikia sakafuni. Hakuna aliyeharakisha kuyafuta.

Saa 5 tunakutana na wale ndugu wawili kwenye mpaka wa shamba lao. Mathayo 18 inatupa utaratibu ambao Wamennonite wameushika tangu mwanzo: kwanza mkosaji huendewa peke yake, akikataa huendewa pamoja na mtu mmoja au wawili, na hatimaye neno hupelekwa mbele ya kanisa. Hatua ya kwanza ilishindikana, hivyo leo nimekuja na wazee 2 wa kanisa. Mdogo alisema kwamba kaka yake amelisogeza jiwe la mpaka na, alipoona hatuonyeshi dalili ya kukubali haraka, akaninyang'anya Biblia mkononi akitaka kuapa. Nilimwomba anirudishie. Kukataa viapo ni mojawapo ya mambo 7 ambayo watangulizi wetu waliyakubali kule Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527, wakilitegemea neno la Bwana kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Baadhi ya watu huliona jambo hilo kuwa ushupavu wa kale usio na kazi leo. Mimi ninaliona kuwa chombo cha kazi, kwani kiapo humsaidia mtu kuyatia nguvu maneno asiyo na hakika nayo, na kikiondolewa hubaki na kile alichokiona tu. Nikamwambia, "Mwanangu, usiape. Tueleze ulichokiona kwa macho yako." Akanyamaza kwa muda mrefu, akalitazama jiwe, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikuona likisogezwa, Mchungaji. Nilidhani."

Kaka yake hakushangilia, nami nilimheshimu kwa hilo. Alikiri kwamba msimu uliopita jembe lake lilipita mbele zaidi ya jiwe, na kwamba alijua. Wamekubaliana kupima upya Jumatatu mbele ya wazee waliokuwepo baba yao alipogawa ardhi. Hawakupeana mikono, nasi hatukuwalazimisha.

Saa 9 alasiri ni darasa la ubatizo, vijana 6 kwenye mabenchi ya mbele. Niliwasimulia jinsi kundi dogo la waumini lilivyobatizana kule Zürich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525 kwa kukiri imani yao wenyewe, na jinsi Felix Manz, mmoja wao, alivyouawa kwa kuzamishwa katika mto Limmat mwaka 1527 kwa ajili ya imani hiyo. Kisha nikawapa habari za Dirk Willems wa Uholanzi, aliyefungwa kwa ajili ya imani hiyohiyo, akatoroka gerezani mwaka 1569 akavuka barafu nyembamba, akasikia anayemfukuza amezama nyuma yake, akarudi kumwokoa. Alikamatwa palepale, na baadaye akachomwa moto. Kijana mmoja akauliza kama hakuwa na haki ya kuendelea kukimbia. Nilimjibu kwamba haki alikuwa nayo.

Walipotoka, binti mmoja alibaki. Alisema anaamini, lakini bado hawezi kusimama mbele ya watu na kuahidi kumfuata Kristo maisha yake yote. Baba yake aliwahi kunisimamisha njiani akitaka nimbatize pamoja na wenzake, na ninajua Jumatatu atanisimamisha tena. Hata hivyo nilimwambia binti asubiri, na kwamba nafasi yake darasani ipo. Watu wa Zürich walikubali kufa kuliko kuurudia ubatizo wa watoto wachanga, ambao mzazi humwamulia mtoto, nami sitaurudisha kwa mlango wa nyuma ili kumridhisha mtu.

Saa 11 jioni tulipanga mabeseni na taulo, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Kila mtu humtawadha aliyeketi karibu naye.

Saa 3 usiku simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa yule ndugu mdogo: "Mchungaji, kesho nitakuja. Bado sijui kama nitaweza kukaa karibu naye." Nilitaka kumwandikia mengi, nikayafuta, nikamtumia neno moja, "Njoo," kisha nikaizima taa.