Jinamizi lilivyoniachia baada ya miezi saba

Juzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi kaniambia anakabwa usingizini na ashatoa elfu nne kwa mganga, na bado anakabwa. Iliniuma sana, maana hayo yote nimeyapitia mimi na hakuna aliyenishika mkono mapema. Ndo maana naandika.

Mimi ni soja, nalinda godauni moja huko Shimanzi, Mombasa, shifti ya usiku tupu, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nakaa Kisauni kwenye chumba cha mabati. Nikifika nyumbani nakunywa chai nalala, saa tano mabati yashashika moto na mimi nishaamka natoka jasho. Usiku kilichokuwa kinanishikilia ni muguka, yale majani ya kutafuna ya kufukuza usingizi, na pale kazini karibu kila soja anatafuna, bei yake ndogo kuliko miraa na inachangamsha haraka.

Mwezi wa tatu hivi ndo likaja. Nimelala chali, macho yako wazi kabisa, naona pazia la kijani, naona jagi la maji juu ya stuli, nasikia mama jirani anakuna nazi kwenye mbuzi, ile sauti ya krr krr, lakini siwezi kuinua hata kidole. Halafu kikaingia kitu mlangoni, mlango wenyewe nimeufunga komeo. Hakina sura, ni weusi tu, kikaja taratibu kikapanda kitandani kikanikalia kifuani. Nataka kusoma Ayatul Kursi ulimi hautoki. Sijui ilikuwa dakika ngapi, nilipoachiliwa godoro lilikuwa limelowa.

Baada ya hapo likawa linakuja mara mbili mara tatu kwa wiki.

Sasa ngoja niseme kuhusu ushauri. Shangazi akasema ni huyo huyo mama jirani anayekuna nazi, ananitumia kitu kwa wivu. Nikaacha kumsalimia yule mama miezi miwili mizima, mtu aliyekuwa akiniwekea maji mfereji ukitoka, na mpaka leo hilo linanichoma kuliko jinamizi lenyewe. Nilienda baadaye nikamtaka radhi, masikini hakujua hata radhi ya nini. Mwengine akasema niweke kisu chini ya mto, nikaweka. Mganga akataka kuku mweusi na hela, nikatoa. Kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, nimekunywa. Dua sijaacha na siachi, hiyo ni dini yangu, lakini katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalala saa ngapi.

Ushauri ulioniponza kabisa ni wa mwenzangu wa geti la pili. Yeye alisema jinamizi linamkuta aliyelala, kwa hivyo usilale. Nikaona ina mantiki. Nikanunua muguka mara mbili ya siku zote, mchana nikikaa barazani natafuna na soda, usiku kazini, siku ya kwanza nilijiona simba, siku ya pili mikono inatetemeka na moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Usiku wa tatu, saa tisa hivi, niko kwenye kiti getini, mgongo ukutani, tochi mapajani, firimbi mdomoni. Nikaona kivuli kimetoka nyuma ya kontena. Nikajua leo ni mwizi, nikavuta pumzi nipulize. Pumzi haikuenda. Firimbi iko kwenye meno naionja chuma chake, kivuli kinakuja, taa za godauni zinawaka kama kawaida, na mimi nimekaa kama nimepigwa misumari. Kikanifikia kikaniinamia usoni. Kilichonitoa pale ni honi ya lori, kumbe dereva alikuwa akipiga honi muda mrefu mpaka kamwamsha supavaiza. Nikaandikiwa barua ya onyo. Yaani nilikimbia usingizi ukanifuata kazini na jinamizi lake.

Presha ndo ilinipeleka dispensari, nilidhani moyo umeharibika. Daktari mmoja mdogo mdogo, mpole, akasikiliza yote hata ya kivuli, hakucheka, swali lake la kwanza: kaka, kwa siku unalala saa ngapi kwa jumla? Nikahesabu kwa vidole, tatu, nne zikiwa nyingi. Akanieleza kwamba ukiota, ubongo unaifunga misuli ya mwili usije ukarusha ngumi za ndotoni kweli. Mtu aliyekauka usingizi akili inaweza kuamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto bado inaendelea macho yakiwa wazi, basi kile chumba ni cha kweli na kile kitu ni ndoto, vimechanganyika. Na kifua kinahisi kimekaliwa kwa sababu ukitaka kuvuta pumzi kwa nguvu misuli haikutii, japo pumzi yenyewe inaenda.

Nikaanza kusoma kwenye simu usiku getini. Huo usingizi wa ndoto, ule macho yanacheza chini ya kope, uliandikwa mwaka 1953 Chicago na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Kwa kawaida unakuja kama dakika 90 baada ya kulala, ila kwa mtu aliyenyimwa usingizi unaweza kumwangukia mara tu akifumba macho, na saa za asubuhi ndo zenyewe zinazoupenda, yaani saa zangu kabisa. Wajapani wanaliita kanashibari. Huko Newfoundland, Kanada, wanasema ni bibi kizee anayewakalia. Nikamkumbuka bibi yangu Mpemba akitusimulia ya mwaka 1995, yule shetani Popobawa alipotia hofu Pemba na Unguja watu wakawa wanalala nje kwa makundi na moto umewashwa, na wengi walisema yale yale, nimelala, kimenikandamiza, sauti haitoki. Nililia wallahi. Sikuwa peke yangu na sikuwa nimelogwa.

Kazi ikabaki kujitoa. Muguka niliacha kwa mwezi mzima, nikipunguza kidogo kidogo, na mjue wiki mbili za mwanzo ndoto zinakuja kwa wingi na jinamizi likazidi, usitishike ukarudi nyuma, ni mwili unadai deni. Juu ya mabati kwa ndani nikapigilia maboksi ya friji niliyoomba dukani, dirishani blanketi zito, feni nikanunua ya mkono wa pili, yote sidhani kama ilifika elfu tatu, chini ya alivyokula mganga.

Lakini shida ilikuwa kulala chali, maana ukilala chali ndo linakupata zaidi, na mimi hata nikianza ubavu najikuta chali. Mamangu tangu utotoni alitufundisha kulalia ubavu wa kulia kama sunna ilivyo, nikawa nimepotea njiani. Kwanza nilishona ndimu kwenye soksi nikaifunga mgongoni, ikapasuka usiku wa kwanza. Halafu nikachukua kokwa la embe dodo, nikalianika juani siku nne likawa gumu kama jiwe, nikashona mfuko nyuma ya fulana kuukuu katikati ya mabega nikalitia humo. Ukigeuka chali tu linakuchoma unarudi ubavuni bila hata kuamka vizuri. Hiyo fulana nimelala nayo karibu miezi mitatu.

Na likikukamata usipigane na kifua wala usilazimishe kupiga kelele, huko ndo linazidi. Achana na kile kitu, usikitazame, peleka akili yako yote kwenye kidole gumba cha mguu, kitikise hicho tu. Kwangu mimi kikicheza kidole, mwili wote unafunguka. Ila kama mchana unaanguka usingizi ghafla, au ukicheka magoti yanalegea, hiyo nenda hospitali kubwa, ni kitu kingine.

Mara ya mwisho ilikuwa Ramadhani iliyopita, saumu ilinikatakata usingizi. Pazia lile lile, kile kitu kikaingia. Nikatikisa kidole mara tatu, nikageukia ubavu wa kulia, nikalala mpaka adhana ya adhuhuri.