Siku Moja Juu ya Tela la Mkonge

Saa kumi na moja alfajiri, nje ya ghala la shamba la mkonge upande wa Korogwe, ninaitandaza mikanda yote ya kufungia mzigo chini na kuipitisha kiganjani mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mchaniko ambao jicho haliuoni, mkono huuhisi. Leo nimeitenga miwili. Mwaka juzi, nikiwa utingo mgeni, niliunga mkanda uliokatika kwa kuupiga fundo, nami sikujua kwamba fundo huweza kuupunguzia mkanda karibu nusu ya nguvu zake. Ulikatika kwenye kona na marobota mawili yakaporomoka hadi mtaroni. Namshukuru Mungu hapakuwa na mpita njia.

Saa moja wapakiaji wanaanza: marobota 80 ya kilo 250 kila moja, yaani tani 20. Tunayabananisha hadi ukuta wa mbele wa tela bila kuacha mwanya, maana hesabu inayotumika Ulaya hutaka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, ambayo kwetu ni tani 16, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma.

Saa tatu ninafunga. Mkanda unaopita juu ya mzigo kazi yake ni kuukandamiza ili msuguano uongezeke, na ukandamizaji huo hutegemea pembe: mkanda ukishuka wima hukandamiza kwa nguvu zake zote, lakini ukilala nyuzi 30 kutoka usawa wa tela hubakiwa na nusu tu. Kwa hiyo mzigo wa kimo kifupi usiofika kingo za tela huhitaji mikanda mingi zaidi, jambo ambalo wengi hawaliamini. Kwenye kingo kali ninaweka vipande vya mpira, kisha ninakaza racheti, kile kifaa cha kuvutia mkanda, hadi mkanda uzunguke mara mbili au tatu kwenye mhimili wake.

Saa nne tunaondoka. Tulipofika Segera dereva alisimama na kusema, “Mwanangu, shuka ukaiguse.” Mikanda mitatu ilikuwa imelegea, ingawa niliikaza kwa nguvu zangu zote, kwani nyuzi za mkonge hushindiliana kwa mtikisiko wa barabara. Niliikaza upya, na Muheza nikaipitia tena. Safari hii ulilegea mmoja tu.

Saa nane tunaingia bandarini Tanga. Kabla ya kufungua racheti ninazunguka tela kutazama kama kuna robota lililoegemea mkanda. Jioni ninaikunja mikanda na kuiweka kivulini, kwa sababu jua huidhoofisha, na ile miwili ya asubuhi ninaikata vipande ili asije mtu akaiunga.