Tulivyopata kipindi chetu cha kahawa redioni na hela ya kukiendesha (uzoefu wangu, Old Moshi)

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Old Moshi kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, na ni katibu wa kikundi cha wasikilizaji wa redio ya jamii inayorusha matangazo kutoka hapo mjini Moshi. Watu wa vijiji vingine wamekuwa wananiuliza tumewezaje kuingiza kipindi chetu kwenye ratiba mpya na kuchangisha hela kipindi hiki ambacho kila mtu analia hali ngumu, bas naeleza tulivyofanya, mwenye kutaka kujaribu kwao ajaribu.

Kwanza muelewe hizi redio zinaishije. Redio ya jamii inapata leseni TCRA, yani mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, kama redio ya jamii, haipo kumtengenezea mtu faida, na makampuni makubwa hela zao za matangazo wanapeleka kwenye redio zinazosikika nchi nzima. Watangazaji wengi ni vijana wa kujitolea wanaopewa nauli tu na kazi wanajifunzia humohumo studio. Lakini luku (umeme wa kulipia kabla) inaisha, jenereta inakunywa mafuta, mitambo inaharibika, na hakuna anayekuonea huruma kwa sababu wewe ni redio ya wananchi. Na mambo inayotufanyia hii redio hakuna redio ya Dar itakayotufanyia, nani kafariki na maziko saa ngapi, mfongo gani (mfereji wetu wa asili wa maji ya kumwagilia) umebomoka na watu wanatakiwa kwenda kuchimba, maji ya bomba yanakatika lini, ng'ombe wa nani kapotea. Shangazi yangu alipofariki ndugu wa Kahe na Himo walisikia tangazo redioni wakawahi maziko. Mimi kitu kama hicho siwezi kukiacha kife nikiwa naangalia.

Sasa redio walipotangaza wanapanga ratiba mpya na wanataka maoni, watu wengi walipeleka ombi la mdomo, tunaomba kipindi cha kilimo. Maombi ya hivyo mkuu wa vipindi anayapata kila siku. Sisi tukakaa kwenye kikundi tukaandika nani anasikiliza redio saa ngapi, na hapo ndo kazi yote ilipokuwa. Kipindi cha kilimo cha zamani kilikuwa saa 4 asubuhi, saa ambayo mkulima yuko shambani na redio iko nyumbani. Wakinamama wa ndizi wanashuka alfajiri kwenda soko la Mbuyuni mjini, hao redio wanaisikia kwenye gari tu kama dereva ameweka stesheni hiyo. Jioni mpaka giza linaingia watu wanakata majani ya ng'ombe na kukamua. Saa 2 usiku wazee wanahamia TBC Taifa kusikiliza taarifa ya habari na hapo huwatoi hata ufanyeje. Ikabaki saa 1 na robo usiku, watu wako jikoni, chakula kiko motoni, watoto wapo, na bado robo tatu saa kabla ya habari. Tukaomba nusu saa hiyo na sio nyingine.

Alafu tukapanga mada kwa kalenda ya kahawa yenyewe. Wakati wa kiangazi baada ya mavuno ni kupogoa. Kabla ya masika na masika yenyewe ni chule buni, ugonjwa unaooza punje za kahawa zikiwa changa, mana ule ugonjwa unapenda baridi na unyevu na huku juu ndo nyumbani kwake, wakati wenzetu wa chini kwenye joto kidogo wanasumbuliwa zaidi na kutu ya majani. Kuanzia Julai ni kuchuma, yani kuchuma nyekundu tu, kumenya siku hiyohiyo, kuvundika, kuosha, kuanika kwenye vichanja. Tukaweka pia miche ya vikonyo (inayooteshwa kwa vipande vya mti badala ya mbegu) ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa kule Lyamungo, inayostahimili chule buni na kutu, kwa sababu watu wanaisikia ila hawajui waanzie wapi kuipata. Mkuu wa vipindi alipoona karatasi ina mada za msimu mzima na majina ya watu waliokubali kuongea, alitwambia tulete sauti.

Sauti nilirekodi kwa simu yangu hii ya kawaida. Nilienda kihambani, yani shamba la nyumbani, kwa Meku (mzee) mmoja jirani yetu, nikamwambia shikamoo Meku, naomba uongee kama unamwelekeza mjukuu wako. Akachuma punje changa ya kijani yenye doa jeusi lililobonyea akaniwekea kiganjani, akasema hii ukiiacha hapa hapa mvua inaipeleka kwa wenzake, alafu akaeleza kuanzia kukata matawi mpaka hewa ipite hadi kupiga kopa, ile dawa ya shaba, kwa wakati, na nyuma yake unasikia jogoo na maji ya mfongo yanapita. Ile ilirushwa kama ilivyo. Wazee wengine walitaka kuongea Kichagga lakini kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo tulikaa nao kwanza wakazoea kuongea Kiswahili chao, na kwakweli kilitoka kizuri sana.

Hela sasa. Hapa nilikumbuka vitu alivyokuwa anasimulia baba, kwamba mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza Radio Tanzania alafu wakatoka wakachimba vyoo, na nchi nzima walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Redio ilikuwa na kazi ya mikono nyuma yake. Nikaona sisi pia tusichangishe kwa maneno ya kusaidia redio, kwa sababu mtu akisikia kusaidia redio anajiuliza hela inaenda mfukoni mwa nani. Tukachangia kitu kinachoonekana, inveta na betri zake, ili umeme ukikatika saa 1 usiku kipindi kisikatike.

Tuliomba kwa wazee wa usharika turuhusiwe kidogo baada ya mnada wa Jumapili pale kanisani, na tukachagua Desemba ambapo watu wamerudi kutoka Dar na kwingine kula sikukuu nyumbani. Mama mmoja akaleta mkungu wa ndizi. Ukanunuliwa, aliyenunua akaurudisha, ukanadiwa tena, ukarudishwa tena, mpaka mkungu mmoja ukawa umeingiza hela ya mikungu mingi, na waliokuwa wananunua wengine ni vijana ambao hata kahawa hawalimi ila bibi zao wanaisikiliza ile redio. Wengine walituma kwa simu, kaya nyingi elfu 2 elfu 2. Sitadharau elfu 2 ya mtu hata siku moja.

Lakini kilichofanya watu waendelee kutoa ni hesabu. Tulikubaliana na redio kwamba mapato na matumizi ya michango yanasomwa hewani kila mwisho wa mwezi, betri bei gani, fundi kalipwa ngapi, kimebaki ngapi, na anasoma mhazini wetu mwenyewe sio mtangazaji. Mara ya kwanza iliposomwa simu zilipigwa studio mpaka muda ukaisha, wengine wanauliza, wengine wanasema na wao wanatuma. Kama kwenu mnataka kuanza, anzeni na hilo kabla ya kushika hata mia ya mtu.

Kuna vijiji havituskii vizuri na hili lisifichwe. Mawimbi ya FM yanaenda yamenyooka, ukiwa bondeni nyuma ya kilima ni mkwaruzo tu, fundi mitambo alitueleza na tukazunguka na redio ndogo kuandika wapi inashika na wapi haishiki. Kwa hao tunaweka kipindi kwenye memori kadi, vijana wa bodaboda na wenye maduka wanakipiga, na kwenye grupu la wasapu kinatumwa kesho yake asubuhi.

Ratiba mpya kipindi cha kahawa ni Jumanne saa 1 na robo usiku. Alhamisi muda huohuo kinaanza kipindi cha wazee kuhusu mifongo, nani alichimba, zamu za maji ziligawanywaje, na sasa hivi nani anasafisha, tayari tumesharekodi cha kwanza. Jumamosi asubuhi ni wanafunzi wa shule za msingi. Kipindi cha vijana wa bodaboda kimepewa nafasi Jumapili jioni ila bado hakina hela ya mafuta ya jenereta wala kifaa cha kurekodia nje, na hicho ndo tunachochangia sasa hivi, hesabu yake itasomwa kama zile nyingine.