Seva Iliyoanguka Kila Nakala Zilipoanza

Juma hili kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza kwa nini ninasisitiza kwamba kila seva mpya itume ujumbe wa keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, ilhali kumbukumbu zote za mfumo huandikwa kwenye diski. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, lakini swali lake lilinikumbusha ile seva ya nakala rudufu.

Mchana haikuwa na neno. Usiku, nakala zilipoanza kumiminika, ilianguka, na asubuhi tulikuta faili za kumbukumbu zimekatika ghafla bila hata mstari mmoja wa onyo. Keneli inayokufa ikiwa imo ndani ya njia ya kuandikia diski haina tena njia ya kuandika habari za kifo chake. Diski zilipimwa, waya zikabadilishwa, programu ya kupima memori ikaachwa ifanye kazi usiku kucha, na hakuna kosa lililoonekana.

Tukawasha netconsole, ambayo hutuma ujumbe wa keneli kwa UDP, itifaki nyepesi ya mtandao, bila kugusa diski, na hatimaye tukayapata maneno ya mwisho ya mashine ile. Yalitutatiza zaidi. Kila anguko lilitaja mahali tofauti: mara kipanga kazi, mara msimbo wa mtandao, mara funksheni isiyohusiana na diski hata kidogo. Mwenzangu mmoja aliuona huo kuwa ushahidi kamili wa memori mbovu, nami sikuwa na hoja ya kumpinga ila moja, kwamba memori mbovu haichagui saa ya kufanya nakala.

Ndipo nilipoandika 1 kwenye /proc/sys/kernel/stack_tracer_enabled ili kuwasha ufuatiliaji wa staki, eneo dogo la memori ambamo funksheni zinazoitana huweka data zao za muda, nikaanzisha nakala kwa makusudi, na kuanza kuisoma faili ya stack_trace, ambayo huhifadhi mnyororo wa miito ya funksheni uliokula staki kuliko yote tangu ufuatiliaji uanze. Niliusoma polepole, kutoka mstari wa chini kwenda juu. Chini kabisa, programu imeomba kuandika faili. Juu yake, XFS, mfumo wa faili, inatafuta nafasi ya kuiweka data, na kwa kazi hiyo inahitaji memori kidogo. Memori imejaa. Basi keneli, ikiwa bado imo ndani ya ombi lile lile na juu ya staki ile ile, inaanza kuhamishia kurasa za memori kwenye swapu, eneo la diski linalopokea memori inayozidi. Swapu imewekwa juu ya LVM, tabaka linalogawa nafasi ya diski, LVM juu ya RAID ya programu, inayounganisha diski kadhaa kuwa moja, na RAID nayo inaiita draiva ya kidhibiti cha diski. Safu ya faili hiyo inayoonyesha kina cha staki ilikuwa imepita baiti 7,000, wakati staki nzima ya keneli za x86 za biti 64 za wakati ule ilikuwa baiti 8,192. Na huo ulikuwa mnyororo ambao seva ilikuwa imeunusurika.

Nilikaa mbele ya namba zile kwa muda mrefu, kwa sababu zilieleza hata ule utofauti wa maanguko. Staki ilipofurika haikutoa kelele yoyote: ilimwagikia memori ya jirani, na aliyeanguka baadaye alikuwa yule aliyeikuta data yake imeharibiwa.

Tulihamishia swapu kwenye diski isiyopitia LVM wala RAID, na maanguko yakakoma. Mwaka 2014, toleo la 3.15 la Linux liliongeza staki hiyo hadi kilobaiti 16, na mwaka 2016 toleo la 4.9 likaleta staki zenye ukurasa wa ulinzi, hivyo anayefurika hukamatwa papo hapo, kabla hajamdhuru mwingine. Nilizipokea habari zote mbili kwa furaha ya kweli, ingawa nasita kusema kwamba tatizo lenyewe limetatuliwa. Aliyeandika XFS hakutumia staki kupita kiasi, wala aliyeandika LVM, wala aliyeandika draiva. Kila tabaka, likipimwa peke yake, lilikuwa na haki ya baiti zake. Bado sijui ni nani hasa kati yao aliyepaswa kuhesabu jumla.