Siku Moja Kati ya Wanakijiji na Askari wa Misitu

Saa 12 asubuhi. Simu inaita kabla sijavaa viatu. Akina mama kadhaa wamekamatwa na mizigo ya kuni, na vijana wanataka kufunga barabara. Mimi ni msuluhishi wa migogoro ya misitu. Nawaomba vijana wanisubiri, na panga zibaki nyumbani.

Saa 2. Kituoni. Naangalia kuni zenyewe: kavu tupu, matawi ya kuokota. Askari wa zamu, kijana mpole tu, ananiambia, "Nikiwaachia, bosi ataniuliza mimi." Namwelewa. Akina mama wanatoka na onyo, panga zao zinabaki. Nasisitiza ziandikiwe stakabadhi, maana panga lililochukuliwa bila karatasi huzaa chuki ya miaka.

Saa 4. Mpakani, na hapa ndipo siku inapoliwa. Ramani ina mstari ulionyooka, uliochorwa enzi za mkoloni. Wazee wana mpaka wao: mkondo wa maji, kisha makaburi. Tunatembea na kifaa cha GPS, kigingi baada ya kigingi. Kimoja kimehamishwa, na kila upande unaapa ni kazi ya wenzao. Mzee mmoja ananishika mkono: "Mwanangu, kigingi huhamishwa. Kaburi la baba yangu limehamishwa na nani?" Afisa misitu anageuka kutazama pembeni. Napiga picha makaburi yote na kuandika mahali yalipo kwa vipimo vya GPS.

Saa 8. Kikao. Afisa anaanza na wimbo uleule: wananchi ndio wanaomaliza msitu. Namkumbusha kesi ya Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau nchini Kenya. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa kuwabebesha Waogiek lawama za kuharibika kwa msitu huo, na Juni 2022 ikaiamuru Kenya iwalipe fidia na kuwapa hati ya ardhi yao. Mzee anauliza kama walirudishiwa. Simdanganyi: Novemba 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena Mau.

Afisa anatoa pendekezo: usimamizi wa pamoja. Wanakijiji wananuna, na wana sababu. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, kwa mfano, ina njia mbili. Katika msitu wa hifadhi wa kijiji, kijiji ndicho husimamia na kukusanya mapato. Katika msitu wa serikali unaosimamiwa kwa pamoja, kijiji hupiga doria, lakini mgawanyo wa mapato ulibaki na utata kwa miaka mingi. Doria bila mgawo ni ulinzi wa bure, na sioni kwa nini mtu aitwe mbia kwa hilo. Naandika kwenye muhtasari: mgawo kwanza, doria baadaye.

Saa 10. Tunapanga siku ya kuokota kuni. Wanaume wamekubali Jumatano asubuhi, haraka haraka. Mama mmoja aliyekamatwa leo anasimama: "Asubuhi tuko shambani. Mngetuuliza." Kimya. Inabadilishwa kuwa Jumatano na Jumamosi alasiri, kuni kavu tu, bila panga wala shoka. Afisa anatia saini kwa majaribio, hadi mvua zianze.

Saa 1 usiku. Nachapa muhtasari. Suala la makaburi limeandikwa kama hoja ya mpaka, na mpimaji anakuja wiki ijayo. Panga bado ziko kituoni.