Usiku Mwezi Ulipopatwa Tukiwa Kiwayu

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, nasi tulikuwa juu ya paa la nyumba ya Mkomani, mjini Lamu, pamoja na watoto, mkeka umetandikwa na birika la kahawa limekwisha kupoa. Ilipotimia saa mbili na nusu usiku mwezi ulikuwa umegeuka rangi ya shaba, wanaume wameshakwenda msikitini, na mtoto wa kaka yangu akanishika mkono akauliza, "Shangazi, mwezi umezimika, mbona nyota hazijatoka?" Nilitazama juu nikaona kwamba nyota zilikuwapo, lakini zilihesabika. Nikamweleza habari za taa: taa za ukingoni mwa bahari, taa za nyumba za wageni, na upande wa bara mng'ao wa bandari ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Aliridhika, akarudi kwa wenzake. Mimi sikuridhika na jibu langu, kwa sababu mtoto yule alitarajia jambo la haki kabisa, kwamba nuru ya mwezi ikiondoka nyota zitoke, na jambo hilo nimeliona kwa macho yangu huko kisiwani Kiwayu, usiku wa tarehe 27 Julai 2018.

Safari ile ilianzishwa na kaka yangu. Alikuwa amesoma kwamba kupatwa kwa usiku huo kungekuwa kurefu kuliko kwote katika karne hii ya 21, karibu dakika 103 za mwezi kuwa ndani ya kivuli kizima cha dunia, na kwamba usiku huohuo sayari ya Mirihi ingekuwa mkabala na jua, ikiwa karibu nasi kuliko wakati wowote tangu 2003. Mimi nilipinga. Wanaosafiri kwenda mahali pa mbali kutazama nyota huchagua siku ambazo mwezi haupo, na mwezi wenyewe anayekaa Lamu na anayekaa Kiwayu huuona uleule, basi ya nini kutwa nzima baharini? Aliyekata shauri ni ami. Alikuwa akitia viraka tanga lake, na alisema bila kuinua kichwa: "Mwezi utauona hata ukikaa barazani. Kilicho nyuma ya mwezi ndicho usichokiona hapa."

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri ili tupite mlango wa bahari wa Mkanda kabla maji hayajapwa, kwa kuwa mwezi mpevu ni siku za bamvua na anayechelewa pale hukwama kwenye matope. Upepo wa kusi ulikuwa nyuma yetu, na visiwa vilipita kimoja baada ya kingine, Manda, kisha Pate, kisha Ndau, bila tukio lolote linalostahili kusimuliwa. Mke wa ami, ambaye kwao ni Kiwayu, alikaa karibu na usukani na kapu lake la mikate ya mofa. Tulifika alasiri. Jua lilipozama, mwezi ulikuwa unachomoza upande wa bahari kuu, mkubwa, mweupe, na hauna dalili ya lolote.

Baada ya isha tulipanda kilima cha mchanga kilicho nyuma ya kijiji. Ukiwa pale juu, upande mmoja unasikia mawimbi ya bahari kuu yakivunjika, na upande wa pili maji ya ndani yametulia, nayo usiku ule yalikuwa yanakupwa. Sijawahi kuona mbalamwezi kali kama ile. Kivuli changu kilianguka mchangani kikiwa kimekatika sawasawa, hata nikaweza kuona pindo la leso yangu likipeperushwa na upepo. Lakini mbinguni hapakuwa na kitu kikubwa cha kutazama. Mirihi ilikuwa nyekundu si mbali na mwezi, Zohali ikiwa juu, Mushtarii ikiteremka magharibi, na baina yao nyota chache tu zenye nguvu ya kushindana na nuru ile. Mahali ambapo taa pekee zilikuwa tochi mbili tatu za watu wanaopita kijijini, tulikuwa na nyota karibu sawa na zile za mjini, na moyoni nilijiona nimepatia.

Saa tatu na dakika 24, kwa saa ya kaka yangu, ukingo wa chini wa mwezi ulianza kuliwa. Kwa muda mrefu hapakuwa na tofauti yoyote, maana mwezi uliobaki nusu bado unamwaga nuru nyingi. Nilichoka kuinua shingo, nikaanza kutazama mchangani, na huko ndiko nilikoona mambo yakigeuka. Pindo la leso ndilo lililopotea kwanza kwenye kivuli changu. Kisha vikapotea vidole, kisha mkono ukaungana na kiwiliwili, hata nikabaki na doa lisilo na umbo, na doa lenyewe likawa linanywewa na mchanga polepole. Nilipoinua uso tena, nyota za Nge zilikuwa zimeanza kutimia upande wa kusini. Mkia wake uliopinda ulijitokeza kiungo baada ya kiungo. Nilikuwa naitazama sehemu tupu ya mbingu, nikifumba macho na kufumbua, pana nyota pale.

Karibu na mkia huo, kuelekea utosini, niliona ukungu mweupe, nikamwambia kaka kwamba wingu linakuja kutuharibia. Ami akasema, "Si wingu hilo. Lisubiri." Tukasubiri. Ukungu ule haukusogea kama mawingu yanavyosogea kwa upepo wa kusi; ulikuwa unarefuka palepale ulipo, ncha moja ikishuka kusini hadi baharini, ncha ya pili ikipita juu ya vichwa vyetu na kuteremka kaskazini, na kadiri mwezi ulivyozidi kumezwa ndivyo ulivyozidi kunenepa, ukapasuka katikati kwa mistari myeusi, ukatoa mafundo yenye nuru kuliko sehemu nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuiona Njia Nyeupe mara nyingi katika maisha yangu. Sijawahi kuiona ikija. Nyota zote zile zilikuwa pale tangu magharibi, tangu mchana, na kilichokuwa kimezificha ni nuru iliyo nzuri, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisifu saa moja kabla.

Baadaye nilisoma kwamba ile mistari myeusi ni vumbi lililo baina yetu na nyota za nyuma yake, na kwamba kitovu cha mkusanyiko wetu wa nyota kiko upande huohuo wa kundi la nyota la Kausi, karibu na mkia wa Nge, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000. Watu wa Ulaya huliona eneo hilo likiwa chini, karibu na upeo wa macho, penye ukungu na taa za miji. Sisi tulio nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, usiku wa Julai hulipata likiwa karibu na utosi. Ni neema ambayo sijamsikia mtu wa kwetu akijivunia, nami ningependa tujivunie.

Saa nne na nusu mwezi ulizama wote kivulini. Haukupotea. Nuru ya jua inayopita pembeni mwa dunia hupindwa na hewa yetu, rangi ya buluu ikatawanyika njiani na nyekundu ikafika, kwa hiyo kinachouangaza mwezi wakati huo ni machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa pamoja. Ulikuwa mdogo kidogo pia, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa kwenye sehemu ya mbali kabisa ya njia yake, na ndiyo sababu mojawapo ya kukawia kwake: mwezi ulio mbali huenda polepole, na safari hii ulipita katikati ya kivuli. Mimi nilichokiona ni kwamba kwa mara ya kwanza mwezi ulikuwa kitu cha mviringo kilicho karibu, na nyuma yake, mbali sana nyuma yake, pana nyota. Sikupata neno la kusema zaidi ya subhanallah, nikalirudia.

Ami na kaka walishuka msikitini kwa swala ya kupatwa kwa mwezi, ile ya rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, na sauti ya imamu ilitufikia kilimani bila kipaza sauti. Sisi wanawake tuliswali palepale mchangani. Tulipomaliza nilimwambia mke wa ami jinsi nilivyowaonea wivu watu wa Kiwayu, wenye mbingu kama hii nje ya milango yao. Alinyamaza kidogo, akijifunga leso upya.

"Nyinyi mnakuja kulitafuta giza, mwanangu," alisema. "Sisi tuko nalo kila usiku."

Kisha akanionyesha kwa mkono maji ya ndani, ambayo yalikuwa yamekupwa hata mashua yetu imelala ubavu. Alisema usiku mmoja wa utotoni mwake shangazi yake alishikwa na uchungu wa kuzaa maji yakiwa yamekupwa vilevile, mwezi haupo, na wanaume wakambeba juu ya kitanda cha kamba kupita kwenye matope wakikitafuta chombo, mtoto mmoja akitangulia na kibatari ambacho upepo wa kusi ulikizima kila baada ya hatua chache. Mtoto huyo alikuwa yeye. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akisimama kukiwasha, na wanaume nyuma yake wakisimama pia, kwa kuwa hawakuweza kuona pa kukanyaga. Nyota, alisema, zilikuwa nyingi kama hizi. Mwisho wa habari hiyo hakunieleza, nami sikumwuliza.

Wanaume waliporudi tulikaa hadi mwezi ulipoanza kurejea, saa sita na dakika 13, na nuru yake ikawa inazifuta nyota kwa mpangilio uleule, wa mwisho kuja akiwa wa kwanza kwenda. Ami alisimulia safari za ujana wake za kwenda Uarabuni, jinsi nyota ya Jaa, ile ya kaskazini, ambayo Lamu haionekani kamwe, ilivyokuwa ikiinuka kidogo kila usiku jahazi likipanda kaskazini, hata manahodha wakajua wamefika wapi kwa kuipima kwa vidole. Mwezi ulipokwisha kutimia tena, karibu saa nane, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilichomoza upande wa bahari kuu. "Kilizama kwa mvua," alisema ami, "na hiki kimezuka kwa jua." Kesho yake tulirudi kwa upepo wa mbisho na nguo zilizolowa, na kaka alitapika njia nzima.

Ami amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mimi tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kuzungumza habari za taa, na wengi wa jamaa wamechoka kunisikia. Ninaamini bado kwamba mji unaweza kuwa na usalama na nyota kwa pamoja: taa ifunikwe juu ili imulike pale mtu anapokanyaga, mwanga wake uwe wa manjano kuliko ule mweupe wa kuumiza macho, na izimwe pasipo na mpita njia. Hayo yanafanyika. Hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya mbingu zenye giza, na watu husafiri kutoka mabara mengine kwenda kulala huko na kutazama juu. Lakini NamibRand ni nyika yenye wakazi wachache sana. Kiwayu ni kijiji cha watu, kina watoto na kina mama waja wazito, na kila ninapoanza kusema kwamba giza lake lilindwe, namwona yule mtoto mwenye kibatari amesimama mbele yangu matopeni. Natafuta namna ya kuyashika yote mawili, na sijaipata inayoniridhisha.

Mwaka jana mke wa ami, ambaye siku hizi amerejea kwao, aliniomba taa ya sola ya kuangika nje ya mlango. Nilizunguka maduka ya Lamu hadi nikapata yenye mwanga wa manjano, nikamwomba fundi wa bati aikatie kofia ya kuzuia mwanga usiende juu, nikaipeleka kwa mashua ya mtu wa huko. Baada ya wiki alinipigia simu kunishukuru na kuniombea dua ndefu. Alisema taa ni nzuri, inawaka hadi alfajiri, ila ile kofia ameivua, kwa sababu ilikuwa inauzuia mwanga usifike kule mashua zinapofunga, na jirani yake ana binti wa miezi minane. Nikamwambia amefanya vyema. Sikuwa na jibu jingine, na hadi leo sina.