Waliniambia moteri imechoka, kumbe ni buji

Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, ingawa gari linawaka. Mafundi watatu wa hapa Lubumbashi walitega sikio kwenye moteri yangu iliyokataa kuwaka alfajiri, wote wakatoa hukumu moja: imechoka, ringi zimeisha, mgandamizo hakuna, tufungue. Wa tatu alitaja dola mia nane na kitu, bila mafuta na bila soda ya vijana wake. Sikufungua. Nilikuja kutumia labda dola themanini, na kati ya hizo kumi hivi niliziteketeza mwenyewe kwa sekunde nne. Nitafika huko.

Gari ni Land Cruiser kamyoneti ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu mkubwa. Ilikuja na moteri ya esanse (petroli) iliyokunywa kuliko wageni wa arusi. Mwaka juzi niliitoa, nikaweka 3B ya Toyota: ya mazutu (dizeli), silinda nne, lita 3.4. Habari za kuikalisha na kuifunga kwenye geaboksi siwezi kuwachosha nazo. La kukumbuka ni hili: kamyoneti yangu ni ya volti 12, batri moja, na 3B ile ilitoka kwenye gari la volti 24. Fundi alinionyesha kazi yake kwa majivuno. Demareri (starta) imebadilishwa, alternateri imebadilishwa, zote sasa ni za volti 12. "Papa, iko muzima, enda kazi." Nikaenda kazi. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, joto tele, na kwa miezi saba moteri iliwaka kwa mguso mmoja. Nilimsifu yule fundi kwa kila aliyenisikiliza. Aibu yangu.

Ukafika mwezi wa sita. Wasiokaa huku hudhani Kongo yote ni jasho. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na mwezi wa sita na wa saba alfajiri hushuka hadi digrii 6 au 7. Walinzi wa usiku wanavaa kabuti juu ya kabuti, na mwenye mbabula (jiko la mkaa) hakosi marafiki. Mimi kazi yangu ni kubeba unga na mboga kati ya Kipushi na masoko ya mjini, kilomita 30 tu, lakini kina mama wanaonisubiri wanataka mzigo kabla jua halijatoka. Saa kumi alfajiri nageuza ufunguo: nye… nye… nye… Moshi mweupe unatoka nyuma, unanuka mazutu mabichi, mke wa jirani anafunga dirisha kwa nguvu ili nisikie. Moteri haishiki. Saa tano, jua likishapiga kapo (kifuniko cha moteri), inashika mara moja kama vile hatukugombana.

Moshi mweupe ule ulikuwa unasema ukweli wote, ila hakuna aliyeusikiliza. Ni mazutu yaliyofika ndani ya silinda yakakosa moto. Basi pampu inasukuma, njia haijaziba, kinachokosekana ni joto. Moteri ya mazutu haina cheche. Inagandamiza hewa mpaka hewa yenyewe iwe ya moto wa kuwasha. Chuma kikilala na baridi kinainyang'anya hewa lile joto. Na 3B ina chumba kidogo cha pembeni ambamo mazutu huanza kuwaka, kwa hiyo joto linapotea zaidi, ndiyo maana imepewa buji za kupashia, yaani plagi zinazopashwa moto kwa umeme kabla ya kuwasha, nne, moja kila silinda.

Ushauri nilioupata ungejaza gunia. Kijana mmoja wa garaji alipuliza eteri kwenye njia ya hewa. Iliwaka, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayepiga nyundo ndani ya sufuria. Eteri inalipuka mapema, pistoni bado inapanda, na buji za kupashia zikiwa za moto inaweza kukulipukia hata kabla ya kuingia silinda. Nikamnyang'anya kopo. Mwingine akasema mazutu yanaganda, changanya na mafuta ya taa. Huyo nilimjibu kwa chupa: nilijaza mazutu kwenye chupa ya kioo, nikailaza nje usiku kucha juu ya kapo. Asubuhi yalikuwa maangavu kama chai ya rangi, hakuna hata unyuzi wa nta. Mwingine akasema sukuma. Sukuma wapi? Mtaa wetu ni tambarare kama meza, na vijana wa kusukuma saa kumi alfajiri wanadai pesa kuliko mzigo.

Mbabula chini ya karteri (bakuli la mafuta ya moteri) nakiri nimeifanya, juma zima, makala (mkaa) yakishaiva na kubaki mekundu bila ndimi. Inasaidia, kwa sababu mafuta ya moteri yanalegea. Niliiacha siku tone la mafuta lilipoangukia makala na moto ukapanda hadi kwenye mpira wa breki. Nilimwaga mchanga wote wa kujengea wa jirani. Bado namdai mwenyewe, yaani ananidai.

Kabla ya buji nilirekebisha vitu viwili. Waya wa masi, ule wa kutoka batri kwenda kwenye bloku, fundi alikuwa ameuacha ule mwembamba wa moteri ya esanse. Nikaweka kipande cha kebo ya mashine ya kuchomelea, nene kama kidole gumba, na demareri ikaanza kuzunguka kiume. Halafu nikamwaga mafuta ya namba 40 tupu, ambayo kwenye baridi ni kama asali, nikaweka 15W-40, mepesi kwenye baridi. Moteri ikazunguka vizuri sana. Moshi mweupe ukatoka vizuri sana pia.

Kuhusu buji, wote watatu walikuwa wamezipima, na wote kwa njia moja: balbu ndogo, waya huku, waya kule, balbu inawaka, "ziko muzima zote ine". Nami niliamini. Balbu inakuambia waya wa ndani haujakatika. Haikuambii kama buji inapata moto. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaani, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, fundi umeme wa zamani. Alikuja kuomba lifti ya kwenda kwenye mazishi, akanikuta nimeinama kwenye moteri. "Mwanangu, umeiona ikiwa nyekundu?" Nikasema hapana. "Basi hujaipima."

Tukafungua moja. Nikaibana kwa koleo juu ya saruji, hasi kwenye mwili, chanya kwenye ncha ya juu. Tukahesabu hadi 60. Ilibadilika rangi kidogo tu, kama kijiko kilichosahaulika kwenye chai. Mzee akaomba mafuta ya taa na mswaki wa zamani, akaisugua mpaka maandishi yakatoka: tarakimu 2, halafu kutu, halafu herufi V. Akacheka mpaka akakohoa. Hakuna mtu anayetengeneza buji ya volti 2, alisema. Hii ni ya volti ishirini na kitu, ya gari la volti 24. Mimi nikajitetea kuwa basi inapata nusu ya moto. Akachukua kipande cha makala akaandika ukutani kwangu, na mke wangu hajakifuta bado: nusu ya volti inapitisha nusu ya umeme, na nusu mara nusu ni robo. Miezi yote ile nilikuwa napasha moteri kwa robo ya moto. Mazishi tulichelewa.

Nilizunguka maduka ya vipuri ya Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, nikakosa buji za volti 12 zinazoingia kwenye kichwa kile. Hapo nikapata wazo ambalo najivunia kuliko harusi yangu. Kama buji zinataka volti 24, zipewe volti 24, zile buji peke yake. Nyumbani tuna batri ya sola inayotuwashia taa na televisheni umeme ukikatika. Niliiweka kwenye kasha la plastiki la soda, isiguse bodi ya gari mahali popote. Hasi yake nikaifunga kwenye chanya ya batri ya gari. Chanya yake nikaipeleka kwenye ubao wa buji, kile chuma kinachounganisha buji zote, kupitia swichi nzito iliyotoka kwenye trekta. Gari linabaki volti 12, buji zinapata 24.

Kosa langu ni kwamba sikuutoa waya wa zamani wa buji, ule wa kutoka kwenye rile ya gari, swichi inayojifunga kwa umeme ukigeuza ufunguo. Nikabonyeza swichi, naanza kuhesabu, na kijana wangu kwa bidii yake akageuza ufunguo. Rile ikafunga. Maana yake chanya ya batri ya nyumba ikakutana na hasi yake mwenyewe kwa njia ya waya ule. Nilikuwa nataka kuona kitu chekundu, nikakiona: waya. Plastiki ikadondoka kama nta ya mshumaa, moshi mweusi ukajaa chini ya kapo. Niling'oa klampu kwa mkono. Alama kwenye kidole ninayo, nawaonyesha wanaotaka kuniiga. Toeni waya wa zamani kwanza, ufungeni kitambaa, uweke mbali.

Kesho yake, digrii 7, saa kumi. Nimebonyeza, nimehesabu hadi 15, nimeachia, nimegeuza ufunguo. Mzunguko wa tatu, moteri imeshika. Moshi kidogo wa buluu, basi. Nilipiga honi, mke wa jirani akafungua dirisha kusema aliyosema. Nilienda hivyo majuma mawili, kila jioni nabeba batri kwenda na kurudi, watoto wananiuliza: "Papa, leo televisheni yetu inalala kwenye gari?"

Buji za volti 12 zilikuja kwa rafiki anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na malori. Alileta nne, umbo lilelile kabisa. Kwa kuwa nilishaungua mara moja, niliweka moja juu ya saruji kwanza. Moja, mbili, tatu: nyekundu, ya chungwa, nyeupe kama balbu. Nne: imekufa. Kumbe zile ni za mfumo mwingine, za volti ndogo, zinazohitaji kipunguza umeme na rile ya kuzima haraka. Hizo ndizo dola kumi nilizosema. Lakini ingekuwa ndani ya moteri, ncha ingevimba, pengine ikavunjikia kule kwenye kile chumba kidogo, na hapo zile mia nane ningezilipa kweli. Tatu zilizobaki zilibadilishwa kwa kubembeleza na kuongeza pesa. Zile sahihi zinafika wekundu mzuri kwa hesabu ya 20 hivi, zinatulia pale.

Moteri haijafunguliwa mpaka leo. Batri imerudi kwenye televisheni. Zile buji nne za volti 24 niliziweka kwenye kopo la maziwa, na juzi fundi aliyeniwekea moteri, yuleyule wa "iko muzima", alipita kuniuliza kama naziuza; ana mteja mwenye gari la volti 24. Nilimtajia bei, akasema ni ghali mno kwa buji zilizotumika. Nikamwambia hazijatumika sana, zimetumika robo.